Deni la Simu, Ankara ya Samaki na Picha ya Mteja

Nilichelewa kulipa mkopo wa simu, na mkopeshaji akawatumia wakwe zangu ujumbe kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Je, sheria inamruhusu? (Nakuru)

Haimruhusu. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilizotolewa na Benki Kuu ya Kenya mwezi Machi 2022 zinamkataza kutumia vitisho au matusi, na kuchukua namba zilizo katika simu yako ili awatumie wenyewe ujumbe kuhusu deni lako. Tena hawezi kukupeleka CRB, shirika linalotunza rekodi za mikopo, kwa deni lisilozidi shilingi 1,000. Hifadhi ujumbe waliotumiwa wakwe zako, kisha upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka akamilishe uchunguzi ndani ya siku 90. Deni lenyewe, hata hivyo, lingali lako.

Wapo wanaodai kwamba kanuni hizi zinaua ubunifu. Siafikiani nao. Mkopeshaji ambaye dhamana yake ni aibu ya mteja hana haja ya kujua kama mteja huyo ana uwezo wa kulipa. Akinyang'anywa silaha hiyo, inambidi apime mapato ya mkopaji kabla ya kutoa hata senti, na hapo ndipo ubunifu unapohitajika.

Nauza samaki Kibuye. Hoteli ninayoiuzia inadai ankara ya eTIMS, nami nina simu ya vibonyezo tu. (Kisumu)

Mama, hoteli haikuonei. eTIMS ni mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya wa kutoa ankara kwa njia ya kielektroniki. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, kwa hiyo samaki wako wanamgharimu mwenye hoteli zaidi ya bei mliyopatana. Simu yako inatosha: piga *222#. Isitoshe, tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mnunuzi anaruhusiwa kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ingefaa hoteli ndiyo ikueleze hayo, maana ndiyo yenye mhasibu.

Nina saluni yenye wasusi watatu. Je, ni lazima nisajiliwe na Kamishna wa Ulinzi wa Data ndipo niweke picha za wateja Facebook? (Kakamega)

Yaelekea si lazima, iwapo mapato yako hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka. Msamaha huo, lakini, ni wa usajili pekee: sura ya mteja ni data yake, nawe huna budi kumwomba idhini kabla ya kuiweka, na akiwa mtoto, umwombe mzazi au mlezi wake. Akighairi baadaye, iondoe.