Haidroliki ya trekta kuukuu ikigoma kunyanyua, usianze na pampu

Mwaka ule mvua ya kwanza ilitukuta Kongwa, Dodoma, tukiwa tayari. Mbegu ya alizeti ilikuwa ndani, dizeli ilikuwa kwenye mapipa, na majirani sita walikuwa wameshanilipa nusu ya fedha za kulimiwa. Anayelima kanda hii anaelewa presha ya siku hizo. Huku kwetu msimu ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na ukichelewa kupanda hakuna vuli itakayokuja kukufidia. Asubuhi nikawasha Massey Ferguson 135 yangu, nikavuta leva ya haidroliki, ule mfumo wa oili unaonyanyua plau, lakini plau haikupanda. Injini inaunguruma vizuri, gia zinaingia zote, lakini plau ya diski mbili imelala chini, haitikisiki.

Fundi niliyemwita alisikiliza dakika mbili akasema pampu imekufa. Sikumwuliza amejuaje. Tulifungua kava lote la juu, tukachomoa kwa nyuma shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana, tukatoa pampu. Nikatuma mtu Dar es Salaam kutafuta nyingine, akaniletea iliyotumika. Siku kumi zikapita. Tulipofunga na kuwasha, mikono ya trekta inayobeba plau ilipanda. Tukapeana mikono kwa furaha. Tulipofunga plau na oili ikapata moto, tukarudi pale pale. Pampu yangu ya zamani haikuwa na kosa lolote. Kilichoharibika ni oringi moja, kapete kadogo ka mpira kwenye bomba la kupandisha oili, na tulipobadilisha pampu tuliirudisha ile ile kwa sababu kwa macho ilionekana nzima. Siku zile kumi bado zinaniuma, ndiyo maana naandika haya kwa mtu ambaye trekta lake limegoma leo.

Kwanza elewa ndani kuna nini. Kwenye 135, na hata 35 iliyoitangulia, pampu haionekani kwa nje. Imezama tumboni mwa trekta, chini ya kiti, ndani ya oili ile ile inayolainisha gia na difu. Ni zaidi ya lita 30, zote zikitumika pamoja. Pampu ina pistoni nne ndogo na inazungushwa na shafti ya PTO. Inasukuma oili kupitia bomba la wima hadi kwenye silinda iliyoning'inia chini ya kava la juu, pistoni inasukuma, mikono inapanda. Valvu ya kuongoza ipo upande wa kunyonya: leva inairuhusu pampu inywe au inainyima. Mtindo huu unatokana na kazi ya Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini, na trekta za 135 zenyewe zilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ni mtu mzima mwenye wajukuu, na mipira yake ya ndani inaweza kuwa ya umri huo huo.

Kwa kuwa pampu inazungushwa na shafti ya PTO, kwenye baadhi ya trekta za mtindo huu leva ya PTO ikiwa katikati pampu inasimama na haidroliki haiwezi kunyanyua hata jiwe. Nimeona trekta limepakiwa kwenye lori kwenda mjini kwa fundi kwa sababu hiyo tu: mtoto alicheza na leva ile. Anza hapo. Haikugharimu kitu.

Kisha chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Usiangalie kipimo peke yake, angalia rangi, nusa, sugua kati ya vidole. Oili yangu ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maana yake maji. Maji yanaingia kwa juu, kwenye mpira wa leva ya gia uliopasuka, trekta likilala nje usiku wa mvua. Watu wengi wanaishi na oili hiyo miaka, wanaongeza tu lita mbili za oili ya injini iliyobaki dukani. Pampu inayokunywa chai haiwezi kukunyanyulia plau, na valvu inashika kutu na kung'ang'ania. Mwaga yote, na uimwage ikiwa ya moto baada ya kazi ili uchafu utoke nayo, usisubiri hadi asubuhi uchafu ukiwa umetulia chini. Weka oili inayofaa gia na haidroliki kwa pamoja. Ni gharama, najua, na lita thelathini na kitu si mchezo kwa mkulima mdogo. Lakini ni gharama ambayo hutajuta, kwa sababu hata kama tatizo liko kwingine, oili safi ilikuwa inahitajika.

Baada ya hapo liulize trekta maswali kabla ya kushika spana. Mikono inapanda ikiwa mitupu lakini inakataa ikibeba? Basi pampu inasukuma, ila presha inavuja mahali. Plau inapanda halafu inanesanesa, inashuka kidogo na kupanda tena kila baada ya sekunde chache? Ni mvujo huo huo, na valvu inajaribu kuufidia. Ukizima injini plau ikiwa juu inashuka taratibu kwa saa nzima, usihangaike, trekta la umri huu lina haki ya kuchoka. Ikishuka kabla hujateremka kwenye kiti, kuna kitu kimeachia. Na kama haipandi hata mitupu, oili ni safi na PTO imeingia, hapo ndipo unaweza kuanza kufikiria valvu iliyong'ang'ania, kichujio cha waya cha pampu kilichoziba, au pampu yenyewe. Ona pampu iko wapi kwenye foleni hiyo.

Aliyenifundisha haya ni mzee mmoja wa Kibaigwa aliyeendesha matrekta maisha yake yote. Alikuja siku ya kumi na moja, tukaamkuana, akazunguka trekta mara moja kimya. Akauliza, "Mwanangu, mmeshachungulia ubavuni?" Sikujua anasema nini. Upande wa kulia, pale dipstiki inapoingia, kuna kava dogo. Tulipunguza oili kidogo, tukaosha eneo lote kwa dizeli na brashi mpaka chuma kikaonekana, ndipo akafungua boliti. Akaniambia niwashe injini, mwendo wa chini kabisa, nivute leva taratibu plau ikiwa imefungwa. Yeye akapiga tochi ndani akiwa amekaa mbali kidogo, mikono mgongoni. Kisha akaniita.

Ndani kulikuwa giza na mvuke kidogo wa oili. Pale bomba la wima linapokaa juu ya pampu, uzi mwembamba wa oili ulikuwa unaruka kwa pembeni, unapiga ukuta wa chuma na kutawanyika. Ulikuwa mwembamba kuliko unyasi wa ufagio. Nilipoachia leva ukapotea, nilipovuta ukarudi. Siku kumi na pampu nzima vilikuwa vimekwenda kwenye uzi ule.

Tafadhali, mikono mgongoni ni sehemu ya somo. Shafti inazunguka mle ndani na itavuta mkono wa shati kabla hujapiga kelele. Na presha ya mfumo huu inaweza kupita psi 2,500, wakati tairi la gari dogo lina kama psi 30. Uzi wa oili wa presha hiyo unapenya ngozi. Ukitaka kujua unatokea wapi, tumia tochi, kioo kwenye fimbo, au kipande cha boksi, kamwe usitumie kidole. Na mtu yeyote asiingie chini ya plau iliyonyanyuliwa na haidroliki unayoishuku. Iteremshe, au iweke juu ya magogo.

Ukarabati wenyewe ulikuwa mfupi hadi nikaona aibu. Juu ya kava, upande wa kulia wa kiti, kuna kifuniko kidogo cha chuma kilichoshikwa na boliti. Ukikitoa, bomba la wima linachomolewa kwa juu bila kufungua kava kubwa. Oringi zake ziko pale. Ile ya chini ilikuwa imekuwa ngumu kama plastiki, na upande mmoja imebapa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu mara ya pili. Oringi ya bomba la maji inafanana nayo, inauzwa bei ndogo, lakini mpira ambao haukutengenezwa kwa ajili ya oili unavimba na kulainika. Pete iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli nayo nimewahi kuijaribu kwa kitu kingine, ilidumu siku mbili. Nenda duka la spea na oringi ya zamani mkononi, omba ya haidroliki, linganisha unene na si upana peke yake, na nunua seti mbili. Unaporudisha, zipake oili, sukuma bomba wima na taratibu. Ukilisukuma kwa kona, oringi mpya inakatika hapo hapo na hutajua hadi uwashe.

Kama kwako uzi unatoka juu, kwenye silinda, hapo ni ringi za pistoni au silinda imechanwa na mchanga, na kava kubwa lazima lifunguliwe. Ni zito. Usilinyanyue kwa wanaume wanne na mori, tafuta chenibloku, yaani winchi ya mnyororo, na mti imara, na uchomoe lile bomba kwanza, la sivyo utalipinda. Fanya kazi hiyo ndani ya nyumba au alfajiri kabla upepo haujaanza. Upepo wa Dodoma na vumbi lake unaweza kukurudishia ndani mchanga ule ule ulioutoa. Mimi hufunika kila tundu kwa kitambaa safi hata nikienda kunywa maji tu.

Jambo moja la uendeshaji. Kuna sehemu kwenye leva ya kusukuma oili mfululizo, kwa ajili ya tela la kumwaga. Dereva akiiacha hapo akilima, valvu ya usalama inafunguka muda wote, utaisikia ikizomea chini ya kiti, na oili inachemka. Mfundishe dereva sauti hiyo.

Na ardhi yetu ina sehemu yake. Waingereza walipokuja Kongwa mwaka 1947 na mpango wao wa karanga, udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama tofali na ulikula vyuma vyao, hadi mpango ukafutwa mwaka 1951. Udongo ni ule ule. Siku hizi silimi hadi mvua izame vizuri, na nimekataa kumfungia mtu plau ya diski tatu kwenye 135 hata akiongeza fedha.

Mwaka ule nilipanda alizeti mwezi Januari. Ile pampu ya Dar ilibaki ndani, inafanya kazi. Ya zamani niliiosha kwa dizeli, nikaipaka grisi, nikaifunga kwenye gunia, iko juu ya dari la ghala pamoja na seti ya pili ya oringi.