Nyinyi mnaoanza voliboli, wacheni mbio za raundi kwanza

Hii nawaandikia vijana mnaokuja mazoezini sasa, wavulana kwa wasichana, manake nawaona mkirudia makosa yangu yale yale. Miaka yangu ya kwanza nlikuwa nakimbia ufuoni, Nyali mpaka Bamburi karibu kila asubuhi, pumzi nikapata kweli, lakini mtu akiudokoa mpira nyuma ya bloku, yaani wale wanaoruka wavuni kuuzuia, nafika ushaanguka. Iliniuma sana, bidii nlikuwa naiweka.

Hebu angalieni uwanja. Upande wenu ni mita 9 kwa 9 na mko watu 6 mle ndani, sasa mbio ndefu utakimbilia wapi? Mara nyingi ni hatua 2 au 3 basi. Kwa hivo kasi yetu ni ile hatua ya kwanza, na raundi haikufunzi hatua ya kwanza.

Drili iliyonisaidia zaidi yataka mipira 2 ya tenisi tu. Simama kwa mstari wa mita 3, ule ulio mita 3 kutoka wavuni, mwenzako akae karibu na wavu akuelekee, mpira kila mkono, usawa wa mabega. Anaachia mmoja bila kukwambia ni upi, nawe unachomoka uudake kabla haujadunda mara ya pili. Siku za kwanza wengi wanakosa, ni sawa. Ukizoea rudi nyuma hatua moja, kisha jaribu ukianza umempa mgongo, yeye anaita "haya!" wakati anaachia. Hapo macho na miguu vinaanza kufanya kazi pamoja.

Na kabla mpinzani hajaugusa mpira inuka kidogo tu, unyayo uachane na sakafu kiasi cha karatasi kupita, utue miguu yote miwili magoti yamekunjika, ndo mwili uwe tayari kwenda popote. Mkitazama mechi za Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, tuseme zile za Olimpiki ya Paris 2024, wacheni kufuata mpira, tazameni miguu ya libero, yule mlinzi wa nyuma, sevu inapopigwa.

Sasa jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote ni kupumzika. Kochi mmoja aliyetufunza zamani alikuwa anatupeleka raundi 10 halafu ndo tunaanza drili za kasi, miguu ishakufa, na wallahi tulichojifunza pale ni kwenda polepole. Kasi hufanywa mwanzoni, ushapasha mwili moto lakini hujachoka. Ukichomoka sekunde 5 pumzika nusu dakika nzima, mara 6 mpaka 8 zatosha, na ukiona umeanza kuzembea simama hapo hapo, usiongeze. Siku 2 au 3 kwa wiki, zisifuatane.

Mchanga nao. Pale ufuo wa Pirates, Mombasa, ni pazuri kwa nguvu za mapaja lakini mchanga laini unameza mguu, huwezi kupata ule mguso wa haraka, bora maji yakipwa mshuke chini kwenye mchanga ulioshikana. Wa uwanja wa simiti wapunguze kuruka, muundi ukianza kuuma usijikaze. Na msimu wa kaskazi fanyeni mapema baada ya alfajiri, saa nne jua lishakuwa kali na maji ya kunywa hayatoshi.

Blokeri wa kati, yaani anayezuia katikati ya wavu, wewe fanya kwa wavu: hatua moja kubwa ya pembeni, mguu wa nyuma upite mbele ya mwenzake, funga, ruka. Nenda kulia, rudi katikati, nenda kushoto. Tua miguu miwili upande wako, manake vifundo vingi huteguka pale chini ya wavu mtu akimkanyaga mwenzake.

Kila baada ya wiki 2 jipime kwa simu, kutoka mstari wa mita 3 mpaka wavuni na kurudi, mara 3, uandike kwa daftari. Mwezi ukiisha na muda haujashuka, angalia kwanza unalala saa ngapi kabla hujaongeza mazoezi.