Jibu: Umeme na maji Arusha ukiwa na watoto wadogo

Karibuni nyumbani, dada. Umeuliza mtaishije Arusha na watoto wawili wadogo waliozaliwa Ujerumani, ambao hawajui umeme kukatika wala bomba kukauka. Watazoea mapema kuliko nyie wakubwa.

Kabla hamjalipia nyumba, angalia tanki. Simtanki la lita 2,000 juu ya mnara litawavusha siku kadhaa, na maji yanashuka yenyewe hata kama umeme hakuna. Tanki la chini linalotegemea pampu halitawasaidia siku vyote viwili vikikosekana. Bafuni wekeni pipa lenye mfuniko na kopo lake. Kwa umeme ni rahisi: pikieni gesi, nunueni taa za kuchaji, na friji lisifunguliwe ovyo, linatunza ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi.

Ninachokusihi sana ni kuhusu floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, ndiyo inayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua ndiyo inazidi! Meno ya kudumu hujengeka mtoto akiwa chini ya miaka 8, kwa hiyo wa kwako wako kwenye umri wenyewe. Nyumba ikiwa na kisima, omba kipimo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo kikizidi hapo, maji ya kunywa na ya uji nunueni yaliyosafishwa, ya madumu. Mvua ikinyesha, kingeni ya bati safi. Hayo ndiyo ya kuchemsha.