Enolasi ya L. rhamnosus GG inapotea wakati wa kuosha seli

Umeuliza kwa nini enolasi, kimeng'enya cha bakteria wa maziwa Lacticaseibacillus rhamnosus GG, mara inaonekana kwenye uso wa seli, mara haipo, na kwa nini jeli yako ya kutenganisha protini kwa ukubwa inatoka hafifu. Nianze na enolasi.

Mchuzi wa MRS, yaani chakula cha kukuzia bakteria hawa, huanza na pH ya 6.2 hivi, ukiulaza usiku kucha kwenye 37°C hushuka hadi karibu 4. Katika uchachu huo enolasi na kimeng'enya kingine, GAPDH, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuvunja sukari ndani ya seli, hunata kwenye ukuta kwa mvuto wa chaji. pH ikipanda, zinaachia. Hilo limeonyeshwa vizuri kwa L. crispatus, bakteria wa jamii ya karibu. Kwa hiyo ukiosha na PBS (bafa ya chumvi na fosfati) ya pH 7.4 unazimwaga mwenyewe. Osha mara tatu kwa bafa ya asetati ya pH 5, baridi, na utunze maji ya kila mwosho uyapime. Usiache kuosha, maana peptoni na dondoo la nyama la MRS vitajaa kwenye matokeo. Ukikuta protini nyingi za ribosomu, ambazo hukaa ndani ya seli, kwenye maji hayo, seli zimepasuka, na enolasi hiyo usiihesabu kuwa ya uso wa seli.

Kuhusu jeli: ukuta wa bakteria hawa ni mnene, kuchemsha kwenye sabuni ya SDS peke yake hakutoshi. Weka lizozimu 10 mg/ml pamoja na mutanolisini, vimeng'enya vinavyokata ukuta, saa 1 kwenye 37°C, kisha shanga za kioo za 0.1 mm: tikisa sekunde 30, barafu dakika 1, rudia mara 5. Ukiruka barafu, joto linagandisha protini. Mstari mzito karibu na kDa 14 ni lizozimu uliyoweka mwenyewe.

Pili za SpaCBA, yaani nyuzi nyembamba za protini (SpaA, SpaB na SpaC) zinazotoka kwenye uso wa seli, zinataka uangalifu zaidi. Kimeng'enya cha sortasi huzifunga kwenye ukuta kwa kovalenti, hivyo bila vimeng'enya hivyo hazitoki. Kwenye jeli hukaa kama ngazi ya ukubwa mbalimbali, juu kabisa karibu na visima, kwa hiyo usikate sehemu hiyo ukaitupa. Na wakati wa kuosha, kabla ya hatua ya shanga, usitikise seli kwa nguvu, pili zitakatika.

Kata protini kwa kimeng'enya cha tripsini, 1:50, usiku kucha, kisha zitambue kwa spektrometa ya masi. Linganisha na jenomu ya GG yenyewe, iliyochapishwa 2009. Aina nyingine ya L. rhamnosus, LC705, haina SpaCBA, na ukitumia orodha ya protini zake, SpaC haitatambuliwa hata kama imo kwenye sampuli.