CT safi, lakini kichwa bado kinauma

Pole dada. Umeandika kwamba CT yako (picha ya kichwa ya eksirei za kompyuta) imetoka safi, ukaambiwa ubadili miwani tu. Kichwa kuuma miezi kadhaa, macho kuingia giza ukiinama, masikio kuvuma kwa kufuata mapigo ya moyo: hayo hayafutwi na CT safi. Presha ya ndani ya fuvu inaweza kupanda bila CT kuonyesha kitu.

Anza na daktari wa macho, wiki hii. Akuwekee matone ya kupanua mboni aone kama mshipa wa fahamu wa jicho umevimba, tena apime upana wa kuona kwako. (Kubadili miwani, kama ulivyoshauriwa, hakutibu hili.) Mshipa huo ukiwa umevimba, unahitaji MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku) pamoja na picha ya vena za ubongo, maana damu ikiganda humo huleta dalili zilezile. Ndipo hufuata kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Omba wapime presha ya maji hayo ukiwa umelala ubavu, wasiishie kupeleka maji maabara. Kwa mtu mzima, presha ya sentimita 25 za maji na zaidi ni juu.

Mtajie daktari kama umenenepa karibuni, unameza doksisaiklini ya chunusi au vidonge vya vitamini A, maana hayo huweza kupandisha presha hiyo. Uoni ukipungua ghafla, nenda dharura usiku huohuo.