Kabla ya kumlaumu mama

Mhariri, juma hili mmeuliza: je, mlo wa mzazi unaweza kugusa afya ya watoto na wajukuu wake? Kwa watoto, nasema ndiyo. Kwa wajukuu, huenda, tena huenda yenye masharti. Ila kilichonifanya niandike ni kwamba swali hili likitajwa tu, macho yote humgeukia mama mjamzito na sahani yake. Ukiusoma ushahidi wenyewe, wengi wa hao mama hawakuwa na sahani ya kuchagua.

Chukueni Uholanzi. Mwishoni mwa 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi hiyo, na mgao wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Njaa ilikoma Mei 1945, nchi ilipokombolewa. Kwa kuwa rekodi za uzazi zilitunzwa, watafiti waliweza kujua nani alikuwa tumboni wakati gani. Waliokutwa na njaa miezi ya mwisho walizaliwa wadogo, jambo ambalo yeyote angelitarajia. Waliokutwa nayo mwanzoni mwa mimba walizaliwa na uzito wa kawaida, maana mama zao walikuwa wamerudia kula, na ungedhani wamesalimika. Kumbe hao ndio walioandamwa zaidi na ugonjwa wa moyo utu uzimani. Mwaka 2008 watafiti waliwapima waliotungwa mimba wakati wa njaa ile, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja. Miaka 60 baadaye, alama za kikemikali ziitwazo methili kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, zilikuwa pungufu. Jeni yenyewe haikubadilika. Alama hizo hukaa juu ya DNA na kusaidia kuamua jeni ifanye kazi kiasi gani.

Lakini msikimbilie kusema njaa ya mama ni kisukari cha mtoto. Leningrad, mji wa Urusi, ulizingirwa na watu wake kufa njaa katika vita hivyo hivyo, na waliokuwa tumboni wakati huo, walipopimwa miaka ya 1990, hawakuonekana kuwa na matatizo ya sukari zaidi ya wenzao. Maelezo yanayotolewa, na ambayo mimi naona yana uzito, ni kwamba Waholanzi walitoka kwenye njaa wakaingia kwenye neema, ilhali kule uhaba uliendelea. Mwili ulijiandaa kwa dhiki, ukakutana na shibe.

Kwa wajukuu mambo ni magumu zaidi. Mtoto wa kike huumbiwa mayai yake akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo mjamzito mwenye binti tumboni amebeba pia chanzo cha mjukuu wake, na njaa yake inawafikia wote watatu moja kwa moja. Hapo huwezi kusema mjukuu amerithi kitu; huenda naye aliguswa. Ndiyo maana upande wa baba, asiyebeba mimba, ni muhimu. Katika parokia ya Överkalix, kaskazini mwa Uswidi, rekodi za mavuno zilionyesha kwamba babu mzaa baba aliyepata chakula tele kabla ya kubalehe alikuwa na wajukuu walioishi maisha mafupi zaidi. Naam, chakula tele! Idadi ya watu ilikuwa ndogo, na wengi walitilia shaka. Utafiti mkubwa zaidi wa huko huko Uswidi uliotolewa mwaka 2018 uliona uhusiano wa babu na wajukuu wa kiume, hasa katika vifo vya saratani, lakini sehemu nyingine za madai ya awali hazikuthibitika.

Sasa angalieni nani aliamua mlo katika visa hivi: jeshi, mvua, mavuno. Hata habari njema haikutokana na nidhamu ya mtu. Uingereza iligawa sukari kwa kipimo hadi Septemba 1953. Utafiti wa mwaka 2024 ulikuta kwamba waliopitia mgao huo tangu tumboni na katika utoto wao wa mwanzo walikuwa na hatari ndogo ya kisukari cha aina ya pili kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa takriban asilimia 20. Mama zao walifuata kitabu cha mgao tu.

Ndivyo ilivyo hata kwa asidi ya foliki, vitamini inayosaidia kuzuia kasoro za ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kama siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa wana mimba. Ushauri wa kliniki huwa umechelewa. Marekani iliagiza foliki iongezwe kwenye unga kuanzia 1998, na watoto wenye kasoro hizo wakapungua, hata kwa mama ambao hawakuwahi kusikia neno foliki.

Na baba? Panya dume waliolishwa mafuta mengi, katika jaribio la mwaka 2010, walizaa majike wenye matatizo ya kudhibiti sukari. Panya si binadamu, najua. Ila mbegu za mwanamume huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, na bado wanandoa wakienda kujiandaa kupata mtoto, anayeulizwa anakula nini ni mke. Ningependa mume naye aulizwe.