Ninunue injini nzima au niunge bloku na hedi?

SWALI: Honda Civic yangu ina injini ya B16A ya VTEC (mfumo unaobadilisha ufunguzi wa vali kwa presha ya oili), bloku, yaani sehemu ya chini yenye silinda, imechakaa. Nimepata bloku nzima ya B20B, injini ya Honda CR-V. Nifunge hedi yangu (sehemu ya juu yenye vali) juu yake, au ninunue B18C kamili, injini nyingine ya Honda yenye VTEC? – Msomaji, Malindi

JIBU: Kama gari ni la kazi za kila siku, nunua B18C, ila upime kompresheni ya silinda zote nne kabla ya kutoa pesa.

Kuunga kunawezekana na utapata cc 1973, lakini tatizo kubwa ni oili. Bloku ya B20B haina njia ya kulisha VTEC. Fundi atoboe na kuziba njia ya oili ya hedi, kisha avute mpira wa oili kutoka penye swichi ya presha ya bloku hadi kwenye hedi. Akikosea hapo, kemshafti hukauka na kujikwangua. Matundu ya pini za hedi pia hupanuliwa, na gasketi iwe ya milimita 84 kama upana wa silinda za B20B, si 81 za B16A.

Tena pistoni ya B20B husafiri milimita 89, ya B16A 77.4, na kuta za silinda za B20B ni nyembamba. Kwa hiyo usiizungushe hadi mizunguko 8000 kwa dakika kama ulivyozoea!

Namba ya injini iko kwenye bloku, kwa hiyo njia yoyote utakayochagua, rekebisha logbuku NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya.